Uzi: Chembe nyeupe hazijitumi, saitokini ndizo zinazoamua ziende wapi na ziache lini

MtuWaSlaidi (mleta mada):

Wakuu, salaam.

Mimi ni mtu wa maabara, upande wa damu. Swali ninaloulizwa kuliko yote mtu akishashika majibu yake ni hili: "Chembe nyeupe zimepanda, ina maana kinga yangu iko juu?" Na zikishuka: "Nile nini zipande?" Maswali yote mawili yanachukulia kwamba kinga ni wingi. Mimi nasema kinga ni mawasiliano, na wingi ni mojawapo tu ya matokeo yake. Nitajaribu kueleza, mniulize pale nitakapowaacha.

Mtu mzima mwenye afya huwa na chembe nyeupe kati ya 4,000 na 11,000 hivi kwa kila mikrolita ya damu. Nyingi ni nyutrofili, zikifuatiwa na limfosaiti, kisha monosaiti, isinofili, na basofili chache mno. Lakini mashine inahesabu zile tu zilizokuwa zinapita mshipani wakati sindano inaingia. Zilizo kwenye uboho, kwenye wengu, kwenye tezi za limfu, zilizojibanza kwenye kuta za mishipa, na zilizokwisha kuingia kwenye pafu au kwenye jipu, zote hizo hazimo kwenye ile karatasi.

Kinachoamua zipi zitoke ubohoni, zishukie wapi, zikifika zifanye nini na zinyamaze saa ngapi ni protini ndogondogo ziitwazo saitokini. Ukoo wake ni mkubwa: intaferoni, intalukini (huandikwa IL na namba), TNF, na kemokini, ambazo kazi yake ni kuzivuta chembe kuelekea mahali fulani. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, ila mwilini mbiu ni za aina nyingi, na kila chembe inasikia zile tu ambazo ina vipokezi vyake.

Sasa tuangalie tukio moja kwa karibu. Mwiba umekuchoma kidole na umeingia na bakteria. Chini ya ngozi kuna makrofeji, hizo ni wakazi wa kudumu, hazikutoka kwenye damu leo. Zina vipokezi vinavyotambua vipande ambavyo bakteria wanavyo na sisi hatuna. Vipokezi hivyo vinaitwa Toll, na kazi ya kuvielewa ndiyo iliyowapa Bruce Beutler na Jules Hoffmann sehemu yao ya Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2011. Kipokezi kikishaguswa, makrofeji inaanza kumwaga TNF, IL-1 na IL-8 (hii ya mwisho ni kemokini).

TNF na IL-1 zinazisemesha seli zinazotandaza kuta za mishipa midogo ya pale jirani. Ndani ya saa moja au mbili seli hizo zinachomoza molekuli za kunasia upande wa ndani wa mshipa. Nyutrofili iliyokuwa inapita kasi na damu inashikwa kidogo, inaachiwa, inashikwa tena, mpaka inaanza kubingirika polepole ukutani. Ikibingirika hivyo inakutana na IL-8 iliyogandishwa palepale. Hapo vishikio vyake yenyewe vinafunguka na kukaza. Inasimama kabisa. Inajilaza bapa, inatambaa kidogo kutafuta upenyo, halafu inajiminya katikati ya seli mbili za ukuta na kutokea upande wa pili, kisha inafuata harufu ya IL-8 kutoka palipo hafifu kwenda palipo kali, hadi kwenye mwiba. Usaha mnaouona ni hizo zilizomalizia kazi yao pale.

Kwa hiyo nyutrofili haikujua lolote kuhusu mwiba. Iliitwa.

---

KijanaWaMtaala:

Mkuu shusha nondo, nimekaa mbele kabisa.

---

Bi_Hodi:

Asante mleta mada, umeeleza vizuri. Lakini kaka, wingi bado una maana, siyo? Mtu mwenye nyutrofili nyingi atapona haraka kuliko mwenye chache.

---

MtuWaSlaidi:

Dada Bi_Hodi, chache kupita kiasi ni hatari, hilo sibishi. Mgonjwa wa saratani akishachomwa dawa, nyutrofili zake zikawa chini ya 500 kwa mikrolita, homa yake ni dharura.

Ila kuna ugonjwa adimu wa kurithi unaoeleza hoja yangu kuliko maneno yangu. Mtoto anazaliwa na kasoro kwenye vile vishikio nilivyosema, vile vya kukaza nyutrofili ukutani. Ukimpima damu, nyutrofili zimejaa, ziko juu mno kuliko za mtoto wa kawaida. Na bado kitovu chake kinachelewa kudondoka, vidonda havifungi, maambukizi yanamrudia kila mara, na cha ajabu zaidi, hatoi usaha. Mbiu imelia, uboho umejibu kwa kumwaga chembe nyingi, ila hazina namna ya kushuka. Zinazunguka tu kwenye damu. Namba ni kubwa, ulinzi hakuna.

---

AfyaBoraSupplies:

Ndugu zangu, mada nzuri. Tuna virutubisho asilia vinavyoongeza kinga ya mwili kwa 100%, vinasafisha damu na kuongeza CD4. Njoo PM.

---

Mkunazi:

Na wewe umeshafika! 😂 Kila uzi wa afya lazima mpite.

---

MtuWaSlaidi:

AfyaBoraSupplies, kwanza niambie unaongeza ipi. Unaongeza IL-5? Hiyo inastawisha isinofili, nzuri kwa minyoo, mbaya kwa mwenye pumu ya aina fulani, na tangu 2015 kuna dawa inayouzwa kwa kazi ya kuizuia tu, mepolizumabu. Unaongeza TNF? Wenye baridi yabisi wanachomwa sindano kuipunguza. Unaongeza IL-17? Inasaidia sana dhidi ya fangasi wa mdomoni, lakini ndiyo hiyo hiyo inayochochea soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi. "Kuongeza kinga" kwa ujumla wake ni kitu ambacho hakipo, na tushukuru hakipo.

Machi 2006, London, vijana sita wenye afya njema walichomwa dawa ya majaribio iliyoitwa TGN1412. Ilikuwa kingamwili, yaani protini inayonasa shabaha yake maalumu, ya kuziamsha limfosaiti T moja kwa moja, bila kusubiri ishara nyingine inayohitajika kwa kawaida. Ndani ya dakika 90 hivi wakaanza kuumwa kichwa, mgongo, kutapika, homa. Saitokini zilimwagika kwenye damu kwa pamoja, presha ikashuka, mapafu na figo vikalemewa, na wote sita wakaishia chumba cha wagonjwa mahututi. Walinusurika, Mungu bariki. Hawakuwa na mdudu hata mmoja mwilini. Hiyo ndiyo kinga "iliyoongezwa".

Dawa halisi ya kuongeza nyutrofili ipo, na ni saitokini yenyewe: G-CSF. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1991 kwa jina la filgrastimu, na inatumika hasa kwa wanaotibiwa saratani. Inauambia uboho, ambao kwa siku ya kawaida unatengeneza nyutrofili zipatazo bilioni 100, uongeze kasi na uzifungulie milango. Waliochomwa watakuambia mifupa inavyouma. Haiuzwi PM.

---

Nesi_wa_Zamu:

Nimecheka kwa sauti, wagonjwa wamenigeukia.

Mtaalamu, naomba uguse slaidi yenyewe, kile kioo chenye tone la damu mnachokiangalia kwenye hadubini. Huwa naona kwenye majibu mmeandika "nyutrofili changa zimeongezeka" na madaktari wanakunja uso.

---

MtuWaSlaidi:

Hapo ndipo napopapenda.

Maambukizi ya bakteria yakiwa makali, G-CSF, IL-6 na wenzake wanausukuma uboho utoe hata zile ambazo hazijakomaa. Nyutrofili iliyokomaa kiini chake kimegawanyika vipande vitatu, vinne, vimeunganishwa na nyuzi nyembamba. Changa kiini chake ni utepe uliopinda tu, haujakatika. Ndani yake chembechembe zimekuwa nyeusi na nzito kuliko kawaida, na pembeni unaweza kuona bato la rangi ya bluu iliyofifia, mabaki ya mitambo ya kutengeneza protini ambayo ilipaswa iwe imekwisha kuvunjwa kabla haijaachiwa kutoka. Ukiona slaidi ya hivyo unajua huko ndani hali si shwari, hata kama hesabu yote imekuja 9,000, yaani "kawaida". Tena inaweza kuwa ya chini na bado ni mbaya zaidi: zinatumika kuliko zinavyotengenezwa. Ndiyo maana mashine peke yake haitoshi.

Na kinyume chake pia kipo. Mtu akinywa dawa za steroidi, nyutrofili zinapanda bila maambukizi yoyote. Zile zilizokuwa zimejibanza kwenye kuta zinaachia na kuingia kwenye mkondo. Hata kukimbia kwa nguvu kabla ya kutolewa damu kunaweza kuzipandisha kwa muda.

---

KijanaWaMtaala:

Na virusi je? Mdogo wangu alikuwa na mafua makali, limfosaiti zikashuka badala ya kupanda. Mwalimu wetu alitufundisha virusi = limfosaiti juu.

---

MtuWaSlaidi:

Mwalimu hakukosea, kuna virusi vinavyozipandisha. Ila siku za mwanzo za homa nyingi za virusi, hasa mafua, zinashuka, na mkosaji ni intaferoni.

Historia yake fupi: mwaka 1957 Alick Isaacs na Jean Lindenmann, pale Mill Hill, London, walichukua virusi vya mafua vilivyouawa kwa joto wakaviweka kwenye utando wa yai la kuku. Seli za ule utando zikatoa kitu ambacho, kikihamishiwa kwenye seli nyingine, kinazifanya zisiambukizwe kirahisi. Hicho ndicho intaferoni. Seli iliyovamiwa na virusi mara nyingi imekwisha, lakini inawatahadharisha majirani. Jirani akiipokea, vimeng'enya vilivyoshikamana na kipokezi vinaamka, vinaziwekea alama protini fulani, nazo zinaingia hadi kwenye kiini cha seli na kuwasha mamia ya jeni za kuzuia virusi visizaliane.

Sasa limfosaiti. Kwa kawaida zinaingia kwenye tezi ya limfu, zinakagua, zinatoka, zinaendelea na safari. Ili zitoke zinahitaji kipokezi kimoja kwenye ngozi yao. Intaferoni inawasha protini inayokizuia kipokezi hicho. Basi zinazoingia zinaingia, za kutoka hazitoki. Damuni zinaonekana zimepungua, kumbe zimefungiwa ndani ya tezi, mahali ambapo vipande vya virusi vinaletwa kuonyeshwa. Mitoki ikivimba shingoni, sehemu ya sababu ni hiyo.

Halafu ule uchovu, viungo kuuma, baridi, homa: sehemu kubwa si virusi vinavyofanya, ni ujumbe wako mwenyewe. Ushahidi? Wagonjwa wa homa ya ini C walipokuwa wakitibiwa kwa sindano za intaferoni, walikuwa wanapata dalili za mafua kamili bila kirusi chochote cha mafua. Na homa yenyewe ni IL-1, IL-6 na TNF zikiufikia ubongo na kusababisha kutengenezwa kwa prostaglandini, ambayo inapandisha kipimo cha joto. Ibuprofeni inazuia utengenezaji wa hiyo prostaglandini. Mdudu haimgusi.

---

Bi_Hodi:

Basi naomba uniondolee na hili. Mama mkwe ana baridi yabisi, wakataka kumwanzishia sindano mpya. Kabla ya sindano wakampima kifua kikuu, picha ya kifua na kipimo cha damu. Hakohoi, hana chochote. Tuliona kama wanatupotezea muda.

---

MtuWaSlaidi:

Dada, hawakuwapotezea. Bila shaka sindano yenyewe ni ya kuzuia TNF.

Bakteria wa kifua kikuu ana ujanja mmoja: anakubali kumezwa. Makrofeji ikimmeza, anakizuia kile kifuko alichomo kisiungane na vifuko vya tindikali na vimeng'enya. Anaishi mle. Makrofeji peke yake haimwezi. Inachofanya ni kutoa IL-12. Limfosaiti T na chembe ziitwazo NK zikiisikia IL-12, zinajibu kwa intaferoni gama. Intaferoni gama inairudia makrofeji na kuipa nguvu mpya: vifuko vinaungana, sumu zinatengenezwa, mdudu anabanwa. Ni mazungumzo ya kwenda na kurudi, na ukikata mstari mmoja yote yanaharibika. Mwaka 1996 ilielezwa kuhusu watoto waliozaliwa na kipokezi kibovu cha intaferoni gama. Waliugua vibaya kutokana na chanjo ya BCG na bakteria wa mazingira wa jamii hiyo, wadudu ambao wengi wetu hatuwajui hata kwa jina kwa sababu hawatusumbui.

Wadudu wasiokufa wanazungushiwa ukuta wa makrofeji na limfosaiti, na TNF ndiyo inayoushikilia ukuta huo usibomoke. Mtu anaweza kuishi na wadudu waliofungiwa hivyo miaka yote. Dawa ya kwanza ya kingamwili dhidi ya TNF, infliksimabu, iliidhinishwa 1998. Mwaka 2001 ikachapishwa ripoti ya wagonjwa 70 waliopata kifua kikuu baada ya kuianza, wengi wao ndani ya miezi michache tu, na wengi kilikuwa nje ya mapafu. Tangu hapo kupima kwanza ni lazima. Mama akikutwa na wadudu waliolala, atapewa dawa za kuwamaliza kwanza, sindano ifuate.

---

Mkunazi:

Ukoma nao si ni ndugu wa huyo bakteria?

---

MtuWaSlaidi:

Ndugu kabisa. Mdudu wa ukoma ni mmoja, lakini mgonjwa mmoja anakuwa na mabaka machache na wadudu karibu hawaonekani, mwingine ana vinundu mwili mzima na wadudu wamejaa. Mwaka 1991 watafiti waliangalia saitokini ndani ya vidonda vyenyewe: kwa yule wa kwanza walikuta IL-2 na intaferoni gama, kwa wa pili IL-4 na IL-10, ambazo zinaipoza makrofeji. Hata hivyo usidhani wa kwanza kapata bahati tupu. Lile shambulio kali ndilo linaloweza kuharibu mishipa yake ya fahamu.

---

Daktari_Mtarajiwa:

Mkuu naomba nikupinge kidogo. Kama TNF ikizidi inaua kwenye sepsisi, yaani maambukizi yanapoulemea mwili mzima, kwa nini tusiizuie tu kwa kila mgonjwa wa sepsisi? Panya walipona.

---

MtuWaSlaidi:

Walipona kweli. 1985, Beutler na wenzake: panya waliochomwa kingamwili dhidi ya TNF walinusurika na dozi ya sumu ya bakteria ambayo ingewaua. Lakini soma vizuri, kingamwili ilitangulia, sumu ikafuata. Mgonjwa wa sepsisi hapigi simu jana yake. Kwa watu waliojitolea kuchomwa sumu hiyo kidogo, TNF inafika kilele kwenye saa moja na nusu, halafu inashuka. Mgonjwa anapofika mapokezi, mbiu hiyo imekwisha kulia na wengine wameipokea. Tena panya wale walikuwa na sumu tu. Mgonjwa wetu ana bakteria hai wanaozaliana, na TNF ile ile ndiyo inayoita chembe za kuwala. Majaribio ya miaka ya 1990 yaliangusha wengi moyo, na la mwaka 1996 lililotumia kipokezi bandia cha kuinasa TNF lilionyesha vifo vingi zaidi kwa waliopewa dozi kubwa.

TNF ikiwa kidoleni inafungua mishipa ya kidole. Ikiwa damu nzima, inafungua mishipa ya mwili mzima, maji yanavuja, presha inaanguka. Molekuli ni ile ile.

---

Nesi_wa_Zamu:

Hapo naongeza la wodini. Wakati wa korona tulikuwa tunapewa msimamo kwamba deksamethasoni, ile steroidi ya kupoza kinga, ni kwa wanaohitaji oksijeni tu. Ndugu wa wagonjwa walikuwa wanatulalamikia kwamba tunawabania.

---

MtuWaSlaidi:

Dada, hamkuwabania mtu. Jaribio la RECOVERY la Uingereza, Juni 2020: kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia vifo vilipungua kwa theluthi moja, kwa wa oksijeni kwa moja ya tano, na kwa wasiohitaji oksijeni hapakuwa na faida yoyote. Siku za mwanzo unahitaji intaferoni na limfosaiti zifanye kazi. Ukizinyamazisha unamsaidia kirusi. Baadaye kirusi kinapungua, lakini zile ishara za kuita zinaendelea, na chembe zinazidi kuingia kwenye pafu lililokwisha kujaa. Hapo ndipo breki inaokoa. Mwili una breki zake, IL-10 ikiwemo, ila si kila mara zinawahi.

Na mwaka huo huo wa 2020 likajitokeza jambo ambalo bado linanishangaza. Katika wagonjwa 987 wa korona iliyofikia kutishia uhai, 101 walikuwa na kingamwili zinazoziba intaferoni zao wenyewe, na karibu wote walikuwa wanaume. Mbiu inapulizwa, mtu kaishika mdomo. Hesabu yao ya chembe nyeupe isingekuambia hilo hata kidogo.

---

KijanaWaMtaala:

Sasa kwa nini msipime hizo saitokini zenyewe badala ya kuhesabu chembe?

---

MtuWaSlaidi:

IL-6 inapimwa sehemu kadhaa. Nyingi kati ya hizo nyingine zinapanda na kushuka haraka mno, na nyingi zinafanya kazi palepale zilipotolewa bila kuonekana damuni. Kwa hiyo tunapima kivuli chake: protini ya damuni iitwayo CRP. Ini likipata ujumbe wa IL-6 linaanza kuitengeneza, inaanza kupanda baada ya saa kama sita na kufika kilele kwenye siku ya pili hivi. Ni rahisi na haipotei upesi.

Ila kuna mtego hapo, na kwa walio wodini naomba mlisome mara mbili. Mgonjwa anayetumia tosilizumabu, ile inayoziba kipokezi cha IL-6, ini lake halisikii ujumbe. Anaweza kuwa na nimonia ya kweli, au utumbo umetoboka, na CRP ikaja safi kabisa. Homa pia inaweza kuwa ndogo. Kwa hiyo kwenye fomu ya kuomba kipimo andikeni dawa anazotumia. Fomu nyingi zinaletwa sehemu hiyo ikiwa wazi.